Majagi Matatu

Mashine ya kuoshea vyombo niliinunua kwa mfanyakazi mmoja wa shirika la misaada la Dadaab aliyekuwa akihama. Mama alikuwa amekuja kukaa nami Garissa kwa sababu ya vidole vyake. Baridi yabisi ilikuwa imevipinda, na kule Modogashe bado alikuwa akisugua masufuria kwa majivu. Nilitaka apumzike. Yeye aliniambia tangu siku ya kwanza kwamba nyumba isiyo na kazi yake si nyumba yake, na kwamba atarudi kwa mbuzi wake. Mimi nikishaamua jambo sisikii la mwadhini wala la mteka maji msikitini.

Wiki ya pili mashine ikaanza kujaa kupita kiasi. Maji yalitoka chini ya mlango yakaenda hadi kwenye mkeka wa sebuleni, nasi maji yetu tunanunua kwa boza, lori linalotujazia tangi. Kwanza nililichomoa boya la ndani, lile linalopanda na maji ili mashine iache kujaza. Nilikuta punje za wali, nikalisafisha. Ikajaa. Nikamwita fundi wa friji kutoka sokoni. Aliifungua nyuma, akaufyonza mpira wa maji, akatema tope la mto Tana.

"Walaal, ndugu yangu, shida ni hii falfu tu," alisema. "Imekula mchanga, haifungi."

Akaweka valvu nyingine. Siku mbili baadaye ikajaa tena.

Jumamosi niliamua kuijaribu kwa akili. Niliiacha imalize kuosha na kutoa maji yake yote, nikafunga bomba, nikachomoa plagi, nikaenda chumbani kuswali alasiri. Niliporudi jikoni, maji yalikuwa yamefika kwenye rafu ya chini. Mashine isiyo na bomba wala umeme ilikuwa imejaa. Mama alikuwa ameinama mbele yake, jagi mkononi, mikono imelowa hadi viwiko.

"Hooyo, unafanya nini?"

"Hii kitu inazungusha maji yaleyale," alisema. "Nimeichunguza. Chombo hakipati twahara hivyo. Lazima kimwagiwe maji safi mara tatu. Kila ikinyamaza, mimi namalizia."

Ikinyamaza katikati ya kazi alidhani imemaliza. Alifungua mlango na kumwaga majagi yake, matatu rafu ya juu, matatu ya chini. Nami ndivyo nilivyofundishwa kusuuza, na mikono hiyohiyo. Wakati ule sikulikumbuka hilo. Nilikumbuka fundi, mkeka na maji ya boza.

"Basi usiiguse tena mashine yangu," nikamwambia, kwa sauti ninayoitumia kwa madereva wa ofisini.

Alilitua jagi kwa mikono miwili, kwa kuwa mmoja hauwezi. "Sawa, hooyo," alisema. Kwetu mama humwita mwanawe kwa jina analoitwa yeye mwenyewe.

Hakuigusa tena. Sakafu ilikauka. Mashine iliosha vizuri kabisa, na yeye akakaa sebuleni na tasbihi yake, akiisikiliza ikizunguka. Chakula kikiisha alinyanyuka kidogo kutaka kukusanya sahani, kisha akakumbuka, akakaa. Niliyaona hayo yote, nikazikusanya sahani mwenyewe. Siku ya kumi aliniomba nimtafutie gari la Modogashe. Nilimpeleka steji, nikamchagulia kiti cha mbele, nikarudi kazini. Nilimkosea, na naona haya hadi leo.

Tangu aondoke mashine haijajaa hata mara moja. Ikimaliza, navuta rafu zake na kuvimwagia vyombo majagi matatu nje, kwenye beseni.

Juzi nilimpigia simu. Kuomba radhi kulinishinda, nikasema uongo.

"Hooyo, mashine inajaa maji tena. Njoo uniangalizie."

Nilisikia mbuzi nyuma yake.

"Wallahi si mimi, hooyo," alisema. "Sijaigusa."