Birika Lenye Magurudumu Manne

Boksi lilikaa juu ya kabati la mwalimu kwa zaidi ya miaka arobaini, na nailoni yake ilikuwa haijachanwa. Mwalimu ni jirani yangu hapa Kimara, mama mstaafu aliyefundisha jiografia. Alilinunua ujanani, akiwa masomoni ughaibuni, kwa sababu picha ya juu ilimchekesha peke yake dukani: birika la chai lenye magurudumu manne, injini ikiwa wazi mbele, kiti chekundu ndani, mdomo wa birika ukitoa moshi. Katika nchi zile waliwahi kuunda magari ya namna hiyo kwa ajili ya maonyesho tu. Hayakwenda safari yoyote. Watu waliyazunguka, wakacheka, wakarudi makwao. Kisha viwanda vikatoa mifano yake midogo ya plastiki, vipande vipande ndani ya boksi, mnunuzi aunge mwenyewe.

Mimi huunga vitu hivyo. Sikufundishwa na mtu. Nilianza kwa kusoma karatasi za maelekezo neno kwa neno, kamusi ikiwa pembeni, na nina daftari ambamo huandika kila hatua. Majirani wanajua. Ndiyo maana mwalimu aliingia uani kwangu Jumamosi moja, boksi kalikumbatia kifuani.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Mwisho wa mwezi ujao nahamia Songea kwa binti yangu. Mikono hii haitungi hata uzi kwenye sindano. Niungie wewe. Nataka nilione limesimama kwa magurudumu yake manne kabla sijaondoka."

"Nitajitahidi."

"Sikukuuliza kama utajitahidi."

Nilichana nailoni kwa wembe. Hewa iliyotoka ilikuwa imefungiwa humo tangu yeye akiwa msichana, na nilifunika boksi tena upesi, kama mtu anayezuia mvuke wa wali. Halafu nikafunua na kuanza kuhesabu vipande.

Nilifanya kazi alasiri, dirishani. Birika lilikuja kwa nusu mbili, kulia na kushoto; nilizigundisha, nikaziba mshono, nikapiga msasa mpaka kidole kikapita bila kujua pa kusimama. Kelele za Barabara ya Morogoro zilinifikia kama mvua inayonyesha mtaa wa pili. Nililiona birika likipita huko katikati ya malori, taratibu, bila dereva, mfuniko ukitetemeka, likiacha nyuma harufu ya tangawizi. Watu vituoni walisogea kidogo kulipisha. Hakuna aliyeshangaa. Sikuwa nimelala, msasa ulikuwa mkononi, na vumbi jeupe lilikuwa linadondoka juu ya magoti yangu.

Kisha nikapuliza rangi ya msingi, na hapo ndipo nilipokosea.

Maelekezo yalisema kitu kiachwe kikauke mahali penye joto. Nililiandika sharti hilo kwenye daftari na kulipigia mstari. Chumba changu cha nyuma hakina dari. Ukiingia mchana, bati linakusalimia kichwani. Nikaliweka birika juu ya kabati huko, karibu kabisa na bati, nikaenda kazini. Ilikuwa Februari. Niliporudi, kitako chake kilikuwa kimejipinda kama jani la mgomba lililopitishwa motoni. Nilipolipachika magurudumu kwa majaribio na kuliweka juu ya kipande cha kioo ninachotumia kupimia, mawili yaligusa, mawili yakabaki hewani.

Zilikuwa zimebaki wiki tatu. Boksi jingine la namna hiyo sijui mtu angelipata wapi.

Nililipeleka birika kwa fundi mmoja wa vinyago pale Mwenge, mtu wa kusini, ambaye huwa ananiuzia vipande vya mpingo. Alilishika birika kwa vidole viwili.

"Hili limelewa."

"Limepata joto."

"Umelipika?"

"Nililianika chini ya bati. Maelekezo yanasema mahali penye joto."

"Aliyeandika hayo maelekezo," aliniuliza, "amewahi kufika Kimara?"

Wenzake waliokuwa wanapiga tezo pembeni walicheka mpaka kazi ikasimama. Mmoja akasema braza huyu asipewe mtoto amwogeshe, atasoma joto la maji kwenye karatasi.

Nilifungua daftari nimpe vipimo. Akanifanyia ishara nilifunge. Alipitisha dole gumba ndani ya birika, polepole, mara nyingi, macho yakiangalia barabarani kana kwamba anamsubiri mtu. Kisha akalifunika kwa kitambaa, akachukua kipande cha mwembe na kuchonga bila kulitazama tena. Mti laini ule ulitoa maganda marefu, yakawa yanamzunguka miguuni, nami nikakaa juu ya gogo nikiyaangalia yanavyojikunja. Sikumbuki saa. Alichonga tumbo la birika jinsi lilivyokuwa kabla sijaliharibu, umbo ambalo hakuwahi kuliona. Nililipima kwa rula ya chuma baadaye, kwa siri. Tofauti ilikuwa chini ya milimita moja.

Tuliomba maji ya moto kwenye chupa ya chai ya mama anayewauzia mafundi vitafunwa. Nilijaribu kwanza kwa kipande cha plastiki cha kutupa. Kisha tukalizamisha birika, likalainika, tukalivisha juu ya ule mwembe na kulifunga kwa vipande vya mpira wa tyubu mpaka likapoa. Tulipolifungua na kurudisha magurudumu, matatu yaligusa chini. La nne, la nyuma kulia, lilibaki juu kidogo.

"Turudie?" nikauliza.

"Ukirudia litapasuka. Mwambie mwenyewe lilivyo."

Nikalipaka rangi ya maziwa, nikalikausha sakafuni, kwenye ubaridi, karibu na mtungi.

Siku ya kuhama, sebule ya mwalimu ilikuwa tupu, sauti zetu zikirudi kutoka kwenye kuta. Niliweka birika sakafuni. Alipiga magoti kwa taabu, akachana kona ya gazeti alilofungia vikombe, akaipitisha chini ya gurudumu moja baada ya jingine. Kwenye la nne karatasi ikapita.

"Sakafu hii haijanyooka," alisema.

Ningeweza kunyamaza. Saruji ile kweli ilikuwa na mawimbi.

"Si sakafu, mwalimu. Nililianika kwenye bati likajipinda. Nimelipima juu ya kioo. Limesimama kwa matatu."

Aliniangalia vile alivyokuwa akiwaangalia, nadhani, wanafunzi waliochora mto unaopanda mlima. Akaweka kidole kwenye mkono wa birika, akasukuma. Likaondoka. Lilivuka ile sakafu tupu kuelekea mwangani, gurudumu la nne likizunguka pale tu saruji ilipoinuka kulikuta, mfuniko ukitetemeka. Mpakizi aliyekuwa anatoka na godoro kichwani alisimama, mguu mmoja juu.

"Lipishe," mwalimu alimwambia, bado kapiga magoti. "Lipishe lipite."