Julai ya Ng'ombe Thelathini na Wanne

Kwa miaka ishirini na tisa Specioza Masele amesoma vipimajoto vya kituo kidogo cha hali ya hewa nje ya mji wa Bariadi. Nyumba yake inapakana na kituo. Kila siku saa tatu asubuhi hufungua kibanda cheupe, husoma, huandika. Hakuna namba yake iliyowahi kukataliwa. Agosti anastaafu, na alitaka kulikabidhi daftari likiwa hivyo.

Julai ni mwezi wa baridi. Kituoni hapo, wastani wa kiwango cha chini cha joto la usiku ni nyuzi kumi na sita. Julai hii aliandika ishirini, ishirini na nusu, ishirini na moja. Aliandika bila kushangaa. Mumewe, Luhende, alizikwa katikati ya Juni, na tangu hapo hakuna kilichomshangaza. Sweta lilibaki kwenye msumari. Hakujua kama ni kwa sababu ya joto.

Tarehe ishirini na nne, Elia wa ofisi ya kanda alipiga simu.

"Mama, hii ishirini na moja umeisoma au umeiota?"

"Nimeisoma."

"Julai? Au mmehamia Dar bila kuniaga?"

"Nimeisoma, Elia."

"Basi nipe uhakika. Ikiingia hivi, itakuwa Julai ya joto kuliko zote za kituo chako."

Kesho yake Specioza alikitundika kipimajoto cha akiba ndani ya kasha la mbao lenye matundu, mita mia tatu kutoka kituoni. Kwa siku tano, kuanzia tarehe ishirini na sita, akasoma vyote viwili. Kituoni, wastani wa ishirini na nukta sita. Kule, kumi na nane na nukta mbili. Siku ya tano, akirudi kutoka kwenye kasha, alikitazama kituo chake kwa mbali. Nyuma ya uzio wa waya, hatua nne tu, palikuwa na zizi.

Shemeji yake, Maige, alilijenga wiki moja baada ya mazishi. Alisema mjane haachwi kwenye kaya isiyo na ng'ombe. Kila jioni aliwasha mavi makavu kufukuza wadudu, nayo yalifuka hadi alfajiri. Specioza alilipita zizi hilo kila asubuhi.

Alimkuta Maige akikamua. Maige akamsalimia kwa Kisukuma, akimwita binti Masele.

"Mwangaluka, ng'wana Masele."

"Mwangaluka. Shemeji, zizi lako limeharibu vipimo."

"Ng'ombe wangu wamepasha joto mkoa mzima?"

"Mkoa, hapana. Kibanda changu."

"Basi waandike daftarini. Thelathini na wanne, na yule mwekundu ana mimba." Akamtazama. "Wewe unayeona nukta ya nyuzi, ng'ombe hukuwaona?"

"Sikuwaona."

Maige akaacha kukamua. Mchana huo alihamisha zizi.

Specioza angeweza kumwambia Elia kwamba kasha la mbao si kipimo rasmi, na ingekuwa kweli, na namba zake zingepita. Mwezi wenyewe ulikuwa wa joto; kumi na nane si kumi na sita. Lakini joto la siku ishirini na tano za mwanzo lilikuwa kiasi gani, hakuna atakayejua.

Tarehe thelathini na moja alichukua rula. Kwa kanuni, namba mbovu haifutwi. Hupigwa mstari mmoja ili iendelee kusomeka. Alipiga mistari thelathini; ilibaki namba ya siku hiyo tu. Kwenye safu ya maelezo akaandika:

"Zizi la ng'ombe, hatua nne kutoka uzio. Msomaji alikuwepo siku zote."