Kitufe Chenye Plasta

Nimepiga kinanda kanisani hapa Babati miaka thelathini, na miaka yote hiyo nilijua ufunguo mmoja tu. Nasema leo kwa kuwa nimechoka kuficha, na wahenga walishasema mficha uchi hazai. Vidole vyangu vinakaa kwenye C, basi. Kwaya ikitaka juu, nabonyeza kitufe cha kuhamisha sauti mara moja au mbili. Ikitaka chini, nakibonyeza upande wa kushusha. Sauti inahama, mikono haihami. Waumini wanasikia kila wimbo na ufunguo wake, wanasema mwalimu wa kwaya huyu ni hatari. Hatari! Wapiga vinanda wenzangu wengi wako hivyo hivyo, na hakuna anayemsema mwenzake.

Nyimbo za maina, zile za huzuni, nilizipiga kuanzia A, maana ukiweka do kwenye C, la inakaa A, na kwenye solfa maina inaanzia la. Mzee aliyenifundisha alishika fimbo. Alisema ukiwa unapanda kuifuata la ya juu, fa unaipandisha inaitwa ba, na so unaipandisha inaitwa se. Ukishuka, zote mbili unazirudisha zilikokuwa. "Ulichokipandisha, kirudishe!" Fimbo mezani, pwaa. Nililishika hilo kama amri ya kumi na moja, na hata mtoto wangu nilimfundisha hivyo.

Mke wangu peke yake ndiye aliyejua habari ya kitufe. Aliimba alto, na kabla ya kila wimbo aliuona mkono wangu unavyonyemelea kule, akatabasamu, akanyamaza. Alipofariki, binti yetu alikuja kutoka Dar es Salaam, anakopiga piano kwenye hoteli. Ni mtoto wetu wa pekee. Siku ya tatu baada ya mazishi, wageni wakiwa wamepungua, alikaa kwenye kinanda changu sebuleni hapa Nakwa, pembeni mwa mji. Akasema kuna wimbo alianza kumtungia mama yake alipokuwa anaumwa, wimbo usio na maneno, wa mtindo wa jazi.

"Baba, wewe nishikie kodi huku chini, mimi nipige juu."

Kodi, yaani zile noti zinazopigwa kwa pamoja, alikuwa ameziandika kwa herufi na tarakimu juu ya mistari. Nilichoelewa mimi kwenye karatasi nzima ni Gm. G maina. Nikajisemea, rahisi hiyo: napiga A maina yangu, nashusha mara mbili. Mkono ukaenda wenyewe kwenye kitufe. Mzee mzima nikasahau kwamba mikono ni minne lakini kinanda ni kimoja! Zangu zikatoka sawa, zake zikashuka kusikojulikana. Zikagombana vibaya.

"Baba, umebonyeza nini?"

Akakitazama kitufe, akanitazama mimi, na nikaona anavyoelewa. Huyu mtoto amekua akiwaambia watu kwamba baba yake anapiga funguo zote kumi na mbili. Akasema kwa upole, "Si kitu, baba. Tuache tu hivi hivi, mimi nitakufuata." Afadhali angecheka. Upole ule ulinichoma, nikafoka: "Kama mimi sijui, katafute wa hotelini kwako akushikie!" Mbele ya kiti cha mama yake, siku ya tatu tu tangu tumzike. Kesho yake asubuhi alipanda basi. Karatasi aliiacha juu ya kinanda.

Baada ya hapo akawa ananipigia simu kila Jumapili. Baba, umekula? Mvua zimeanza? Mbaazi zinaendeleaje? Ya muziki hakuna aliyeyagusa. Nikikata simu, nyumba inanyamaza mpaka nasikia bati likitanuka kwa jua. Nilikuwa natoa vikombe viwili kabatini, kisha nakirudisha kimoja kama mgeni aliyekosea mlango. We acha tu. Upweke hauna dawa ya kumeza.

Ibada ya kumbukumbu ilikuwa ifanyike mwaka ukitimia, na alisema atakuja. Nikaapa kwamba atanikuta kwenye G yake, bila kitufe. Kwenye mfuko wa dawa za mama yake kulikuwa kumebaki plasta. Nikakata kipande, nikakiziba kitufe.

Karatasi ilikuwa na kodi tatu zinazozunguka. Maana ya zile tarakimu nikaitafuta kwenye simu, moja moja, nikazihamishia solfa kama mtu anayesoma barua kwa miwani ya jirani. La iwe G. Ya kwanza ilikuwa Am yenye saba na tano iliyoshushwa: ti, re, fa, la. Humo fa ni ile ile ya kawaida, kwa hiyo ngazi yake, yaani mpangilio wa noti zake, ni ya la isiyoguswa. Ya pili ni D yenye saba: mi, se, ti, re. Kumbe se imo ndani ya kodi yenyewe! Basi pale so inapanda kuwa se, fa inabaki ilipo. Ya tatu ndiyo nyumbani, wimbo unapotua, Gm yenye sita: la, do, mi, ba. Aisee, nilicheka peke yangu. Alama zilizonitisha zote zile zilikuwa watu ninaowajua, wamevaa nguo za mjini.

Lakini juu ya ile ya tatu, binti yangu alikuwa ameandika noti zinazoshuka: la, se, ba, mi. Zinashuka na hajazirudisha! Nikasema watoto wa siku hizi. Nikachukua kalamu nyekundu, nikamsahihishia: so, fa. Nikapiga. Mkono wa kulia ukakwaruzana na wa kushoto. Nikapiga tena, ikakwaruza tena. Wiki mbili nililaumu kinanda, nikalaumu umeme, nikaanza kulaumu masikio. Jirani yangu akawa anapita na ndoo yake: "Shikamoo mwalimu. Huo wimbo hauna mwisho?" Marahaba, nikamwambia, mwisho bado unatafutwa.

Siku moja, kwenye video ya simu, nikamwona kijana anaeleza kwamba kodi ndiyo inayosema ngazi iwe na nini, uwe unapanda, uwe unashuka. Nikaitazama ile sita ya Gm. Sita hiyo ndiyo ba. Sasa kama mkono wa kushoto umeshika ba, wa kulia unairudisha kuwa fa kwa ruhusa ya nani? Mtoto alikuwa sahihi tangu mwanzo. Nikatafuta kifutio, wino mwekundu ukakataa. Nilijisikia vibaya sana kuona mwandiko wake umechafuliwa na mkono wangu.

Ilinichukua miezi, maana vidole vya C ni vibishi. Mpaka mbaazi zinavunwa, nilikuwa nazunguka kodi zote tatu kwenye G huku nimefumba macho.

Siku ya ibada kinanda kilitolewa nje, na kwaya bila kitufe haiimbi, kwa hiyo nikabandua plasta. Jioni, watu walipotawanyika, tulikirudisha sebuleni, mimi na yeye. Hata sijafungua mdomo, akatoa karatasi mpya kwenye mkoba. Am yenye sita. Wimbo ule ule, ila kwenye A.

"Nimeuhamishia kwako, baba. Mwaka mzima nimeufanyia mazoezi huku. Kaa hapo hapo unapokaa siku zote, mimi nimekuja."

Moyo wangu! Ningesema nini? Kwamba mwaka wake wote ulikuwa wa bure? Nikakaa. Tukapiga kwenye A, kitufe kikiwa kwenye sifuri, na mikono yetu minne haikugombana. Tulipofika kwenye kodi ya nyumbani, alinipisha nishuke mimi. Nikashuka: la, se, ba, mi.

Akageuka. "Baba, hujazirudisha."

"Zirudi wapi, na hapo pameandikwa sita?"

Akacheka, kicheko cha mama yake kabisa, huku anafuta macho. Tukaupiga mara tatu. Kesho yake nikamsindikiza stendi, na ya G sikumwambia.

Nyumba ikawa ile ile. Nikabandika plasta mpya. Jumamosi moja asubuhi upweke ukanizidi, nikauweka wimbo kwenye G, nikaurekodi kwa simu, nikamtumia bila neno lolote. Hazikupita dakika kumi akapiga.

"Baba, hiyo ni G."

"Ni G."

"Na kitufe?"

"Kina plasta. Tangu mwaka jana."

"Kwa nini hukuniambia siku ile?"

"Ulikuwa umeshafika kwangu, mwanangu. Na maneno yale niliyokufokea, nisamehe."

Nikasikia kiti kinavutwa, kisha piano, kwenye G. Nikaegesha simu kwenye kikombe cha mama yake, nikamshikia kodi huku chini. Kwa sababu ya mtandao, nilimsikia amechelewa nusu pigo, na bila shaka yeye alinisikia mimi ndiye niliyechelewa. Tukaendelea hivyo hivyo mpaka mwisho.