Vidole Kumi Vyote, Telefone Ikakataa

Kisha kula nilikuwa nimefunga macho ku kiti yangu, mara nasikia mutu anashika mukono wangu polepole.

Akaminya kidole yangu ku telefone. Drrr! Imekataa.

Ya pili. Drrr!

Vidole kumi vyote. Wapi!

Nikakoroma kwa nguvu, juu kicheko isitoke.

Mwizi hakutoka mbali. Ni Adeline, muke ya mutoto wangu Kasereka.

Ile telefone, Kasereka alinitumia mimi toka Mongbwalu, kule anatafutaka zahabu. Adeline akasema: "Mama, weye uliishia primaire. Nitakusaidia."

Akatia kode yake, kidole yake, mpaka puce yake, ile kadi ya namba, pembeni ya ile yangu. Kusalimia mutoto wangu ikawa kuomba ruhusa, kama mwanafunzi anaomba kwenda ku choo.

Lakini akiandika kode, midomo yake inasoma. "Sept, zéro, quatre, neuf."

Ile primaire, njo walinifundisha kuhesabu.

Siku moja akaenda kuoga, akaisahau ku meza. Nikafungua.

Weee! Kumbe "mimi" niliandikia Kasereka: "Mutoto wangu, nimechoka Bunia. Unirudishe Boga. Chumba yangu mupatie mama ya Adeline."

Boga! Kule walituchomea nyumba. Leo wanasema amani iko, lakini watu wangali wanalala na viatu.

Na Kasereka alijibu: "Sawa mama. Siku ya samedi nakuja na gari."

Nililia? Hata.

Nikafuta kidole ya Adeline. Nikabadilisha kode. Telefone ikasema: tia kidole. Haikusema gani.

Kisha, na puce yake, nikaandikia bwana yake: "Chéri, mama abakie. Niende Boga mimi mwenyewe, nikalime shamba yake. Nimekwisha kufunga mizigo."

Kesho yake njo aliminya vidole vyangu. Nikaendelea kukoroma.

Samedi, Kasereka akashuka mu gari, meno yote inje. "Adeline, kweli uko muke! Panda."

"Niende wapi?"

"Boga. Si uliniandikia?"

"Haki ya Mungu, si mimi!"

Nikauliza na sauti ya kanisa: "Eh, binti yangu! Kumbe mutu anaweza kuandika mu jina ya mwenzake?"



Kasereka akamuangalia. "Adeline. Na ile mesaje ya mama?"

Machozi njo ilijibu.

Gari haikurudi bure. Ilibeba matelas, godoro ya mama ya Adeline. Matelas ilikuwa imekwisha kufika mu salon, pale tunapokeaka wageni, mwenyewe anangoja tu mimi nitoke. Waliishusha Komanda, kwao.

Mpaka leo Adeline ananibembeleza: "Mama, ni kidole gani?"

Namuambia: "Tafuta, binti yangu."

Ndugu zangu, telefone yako ifunguke na kidole yako, isifunguke na ya mwenye kukusaidia. Na Mungu hakutupatia kumi tu.

Munafikiri siku hizi navaa sandale juu ya joto?