Siku Niliyoizika Kengele ya Kambi

Kwa majonzi makubwa natangaza kifo cha kengele ya kambi ya vijana, hapa Kabungu, kilichotokea ghafla kabla ya kipindi cha hesabu.

Marehemu alikuwa ringi la gari lililoning'inizwa mtini. Ameacha kipande cha nondo na kamba.

Haya, tuache utani. Hakufa. Nilimwiba mimi, nikamviringishia shuka asipige kelele njiani, nikamzika kwenye mahindi nyuma ya bweni.

Sababu ninayo. Mimi nasoma bodingi. Mwaka mzima naendeshwa na kengele: amka, kula, nyamaza, lala. Likizo ya Desemba mama ananileta kambini, nafika nakuta kengele nyingine, na Madam Monika, msimamizi wa kambi, na ratiba yake: hesabu, Kiingereza, hesabu tena.

"Hii ni kambi au adhabu?" nilimuuliza mshikaji wangu Anicet.

"Oya Fabrice, usianze."

Nikaanza.

Madam aliuzunguka ule mti kama mtu aliyeibiwa ng'ombe. Mwisho akachoka. "Basi, bila kengele ratiba haiendi. Leo kila mtu achague la kufanya. Ila msiende mbali."

Shangwe! Mpira ukatoka. Wengine wakalala. Nikajiona mkombozi wa taifa.

Jioni Anicet akaja mbio. "Aline hayupo."

Aline ni mdogo wake. Mpole, kila kipindi anakaa mbele. Kuna waliomwona akiingia porini tangu mchana.

Wingu lilikuwa limefunga. Pori la huku ukigeuka mara moja tu, miti yote inafanana. Na watu wa huku wana njia moja ya kumrudisha aliyepotea: wanagonga chuma bila kuacha, naye anaufuata mlio.

"Gongeni kengele!" alifoka mzee Manyanda, jirani wa kambi. "Nyie mnasubiri nini?"

"Imeibiwa, mzee," Madam alijibu.

Wakagonga sufuria. Mlio ukaishia jikoni.

"Aline weee!" Anicet aliita mpaka sauti ikamkauka.

Mimi nimesimama kama kigingi. Nikisema, nafukuzwa. Nisiposema...

Radi ikapiga.

Nikakimbilia kwenye mahindi, nikafukua kwa mikono, nikarudi nimelikumbatia lile ringi na shuka lake. "Nimeliona! Lilikuwa kwenye mahindi!"

Mungu anisamehe. Hata hapo nilidanganya.

Tuligonga kwa kupokezana, mimi na Anicet, mpaka viganja vikatoka malengelenge. Mvua ikashuka. Giza likaanza kuingia.

Ndipo Aline akatokea, miguu imechanwa na miiba, meno yanagongana kwa baridi.

Kaka yake akamkumbatia, kisha akamfokea. "Ulifuata nini huko?"

"Kengele," alisema. "Niliona alama za baiskeli, nikadhani ni wale wanunuzi wa chuma chakavu wameibeba. Nikazifuata."

"Kengele ya nini?"

"Si Madam alisema tuchague? Mimi nilichagua hesabu."

Hakuna aliyecheka.

Aline alimaliza darasa la saba, akafeli. Likizo ikiisha, sisi tunarudi shule, yeye anarudi kwenye shamba la tumbaku. Ile kengele niliyoichoka mimi, yeye hana nyingine.

Mzee Manyanda akanipa mkono. "Umemwokoa mtoto, kijana."

Nikaupokea. Ndiyo, niliupokea.

Madam akaokota lile shuka lililolowa matope pale chini ya mti, akalikung'uta, akalimulika kwa tochi. Bodingi wanakufundisha jambo moja vizuri sana: andika jina lako kwenye kila kitu, kwa wino usiotoka, maana mashuka yanaibwa.

Anicet akasoma kwa sauti, polepole. "Fabrice. Form Three B."

Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Nyie mnaosoma hapa, kuchagua ni kutamu, sikatai. Ila kabla hujaizika kengele, uliza kwanza nani anaisubiri ilie.

Aline aliniangalia. Hakuwa na hasira, alikuwa haelewi tu. "Kaka Fabrice, kengele ilikuwa kwako?"

Nilitafuta tangazo zuri. Sikulipata.

"Ilikuwa kwangu," nikasema. "Niliiba mimi."