Mimea Iliyorudi Imepakwa Dhahabu

Mimi shule nilifika darasa la tatu tu, kwa hivyo anayesoma hapa asitafute Kiswahili cha redio. Nataka kuandika hasira yangu kabla haijapoa, maana watu wa hapa mtaa wa Pioneer wamezoea kuniambia, "Mzee, si ni maua tu."

Si maua tu.

Huku kwetu kitu chochote kinachopandwa na hakiliwi kinaitwa maua, hata kama hakijawahi kutoa ua. Mimi ninayo mengi pale kwenye veranda. Kuna ule mrefu kama panga, kuna wa miiba ambao hautaki salamu ya mtu, kuna wa kitunguu unaolala kiangazi chote kama umekufa, halafu mvua ikianza tu unatoa ua jekundu kubwa kama kichwa cha mtoto. Huo wa kitunguu nilipewa na mama mmoja wa Timboroa zamani, wakati nilikuwa kibarua wa kupakia viazi kwa lori. Huko kuna baridi ambayo hata chai inapoa kabla hujaipuliza. Lakini si huo ninaoukasirikia.

Ninaoukasirikia ni wa mke wangu. Alipolazwa kule Plateau, kwa hospitali ya misheni, kitanda chake kilikuwa karibu na dirisha, na dirishani kulikuwa na mkebe wenye mmea wa majani manono, yale yanayoweka maji ndani. Aliutazama kila siku. Siku moja akamwomba nesi jani moja, nesi akamwambia achukue hata mawili. Akachukua moja, akanitilia kwa mfuko wa shati na kuniambia, "Kapande hii. Na usiimwagilie maji kama mahindi."

Yeye hakurudi nyumbani. Jani lilirudi.

Nikalilaza juu ya udongo mkavu uliochanganywa na mchanga wa mto, likaota mizizi, likazaa kamtoto, na baada ya miaka likawa mmea mpana kama sahani, majani yamejipanga duara. Watoto wa ploti wanauita kabeji ya Mzee. Juu ya yale majani kuna unga mweupe, mwembamba sana. Ukiugusa kwa kidole unatoka, na mahali ulipotoka panabaki na alama mpaka jani lizeeke lianguke. Mimi mwenyewe, niliyeupanda, sikuwahi kuugusa. Nilikuwa napuliza vumbi kwa mdomo.

Sasa, kwa kanisa letu kuna mama mmoja, mwenyekiti wa kamati ya harusi. Alikuja kwangu akazunguka veranda akisifu. Mzee, huu ni wa wapi? Mzee, huu unakula nini? Nami sitadanganya, napenda sifa. Mzee wa umri wangu hasifiwi kitu kingine ila kwamba bado anapumua. Mwisho akasema kuna harusi Jumamosi, wanaomba mikebe yangu ya maua ikae mbele, kwa meza ya maharusi. Nikampa. Nikamwambia asiimwagilie maji na asiiguse. Akaitikia kwa kichwa kama mtu anayeombewa.

Harusi nilienda. Wazee tuliwekwa nyuma, karibu na sufuria za wali, na hapo sikuona ubaya. Kule mbele niliona vitu vinang'aa juu ya meza. Nikamwambia mwenzangu kwamba hawa wamekodi vyombo vya maana. Bado nakumbuka nilivyosema hivyo, na inaniuma.

Jumatatu vitu vyangu vikarudi kwa boda boda, vimefungwa kwa mpira. Vyote vilikuwa vya dhahabu. Rangi ya kupuliza, ile ya mkebe, ile ya kupaka mageti. Wamepuliza panga, wamepuliza miiba. Na ule wa mke wangu wameupuliza mpaka moyoni, umekuwa kama kikombe wanachopewa wakimbiaji.

Yule kijana wa boda boda akautazama akacheka. "Mzee, hiyo nayo imeomoka," yaani imekuwa tajiri.

Nikaenda kwa mama mwenyekiti na miguu yangu mibovu. Nikamkuta na wageni, akanimiminia chai.

"Mama, mimea yangu mmeifanya nini?"

"Kwani haikupendeza, Mzee? Yule wa mapambo alisema kijani haiingiani na rangi za harusi."

"Kijani ndiyo rangi yake."

"Na za harusi zilikuwa dhahabu na zambarau. Shukuru haikupakwa zambarau."

Wageni wakacheka. Mimi nikainuka nikaacha ile chai imejaa kwa kikombe. Kwetu magharibi, nilikozaliwa, kuacha chai ya mtu hivyo ni neno zito, na yeye ni wa huko huko, alielewa.

Ushauri nilipata wa kila aina. Mmoja akasema niuoshe na petroli. Mwingine akasema nisugue na brashi ya viatu. Unafikiri mtu akipakwa rangi ya geti usoni utamsugua na petroli? Mmea unapumua kwa majani, na haya yalikuwa yamezibwa. Yakaanza kukunjamana, na katikati pakawa kahawia chini ya ile dhahabu. Nikainama nikayainua majani pole pole, na pale chini kabisa, karibu na udongo, jani moja lilikuwa limejificha chini ya wenzake. Rangi haikulifikia. Lilikuwa kijani, na unga wake juu.

Nikalivunja. Safari hii niligusa.

Siku chache baadaye yule mama akaja. Labda ni ile chai niliyoiacha. Akaniletea chungu kizuri cha udongo, ndani kumesimama ua la plastiki. "Hili, Mzee, halihitaji hata maji." Nikapokea, kwa sababu mtu akija kuomba msamaha humfungii mlango. Alipoondoka nikaling'oa lile plastiki, nikajaza udongo na mchanga, nikalaza jani langu juu.

Mmea mkubwa ulikufa. Lakini mpaka leo unang'aa, ndiyo inayonitia wazimu. Wageni wanapita wakiusifu, na ni maiti.

Lile jani limetoa uzi mwekundu wa mzizi, na kando yake kuna kitu kidogo kama punje ya mtama, kijani. Nimeliweka chumbani, dirisha la upande aliokuwa akilala mama wa watoto wangu. Na juzi mwenyekiti amekuja tena, ana harusi nyingine, anauliza kama ile mikebe iko. Nimemwambia lile ua la plastiki liko kwa banda la kuku, alichukue, alipake rangi yoyote anayotaka.