Mahindi ya Mama Kwa Dada

Mama alipokuja kutoka Kakamega kutibiwa goti, alikaa kwangu Kitengela. Ili asichoke kukaa, nikamtolea mashine yangu ya zamani ya gemu, ile ya kaseti, nikaiunganisha na runinga. Nilikuwa na mchezo wa vifaru, wa kupiga bata na wa pikipiki. Mama alishika pedi ya kuchezea kama anayeshika kuku mgeni, lakini kufikia Jumatano alikuwa anacheka peke yake sebuleni, nami nikajiona binti wa maana.

Wikendi dada yangu mkubwa akamchukua kwake Kiserian. Yeye ana mashine iliyokuja baadaye, ya sidi, ambayo tangu tukiwa wasichana anaisifu mbele yangu. Siku zote nimemjibu kwamba yangu ukiweka kaseti unacheza papo hapo, lakini yake inakufanya ungoje hadi chai ipoe.

Jumapili Mama alipiga simu kuniambia hatarudi bado. Nikamuuliza kama goti limezidi kuuma. Akasema goti liko sawa, ila mahindi yake hayajakomaa.

Jumanne nilienda kumwona. Nilimkuta mbele ya runinga, mguu juu ya stuli, akilima. Ulikuwa mchezo wa shamba: unapanda, unanyunyizia maji, unafuga. Ng'ombe wake alikuwa amempa jina la dada yangu. Nilitafuta langu kwenye zizi, hata kwa kuku. Halikuwepo.

"Kwani gemu zangu zina shida gani, Mama?" nikauliza.

Hakugeuka. "Hazina shida, mama. Lakini zako nikizima, kila kitu kinapotea. Hapa niko na kadi inaniwekea. Nikiamka napata shamba langu vile nililiacha."

Dada alikuwa mlangoni na sinia ya chai. Tabasamu lake liliniuma kuliko maneno. Nilitaka kumwambia Mama kwamba mimi ndiye niliyeulizia hospitali nzuri, na mimi ndiye niliyempeleka. Badala yake nikaketi sakafuni kando ya stuli.

Baadaye Mama alinipa pedi apumzishe vidole. Nikanyunyizia mahindi maji, mstari kwa mstari. Dada akasema naloanisha njia. Nikaendelea, na Mama akaniambia nisogee kidogo kushoto, bado kuna mche mmoja umekauka.